Karen Blixen: Mtunzi wa mapenzi aliyejificha nyuma ya majina ya wanaume

MSAFIRI anayetoka Kiserian kuelekea Magadi hufika mahali barabara inapopinda kabla ya kuteremka kwenye Bonde la Ufa. Upepo mkali unaovuma hapo mwaka mzima ndio uliopapa mahali hapo jina lake, Kona Baridi. Milima ya Ngong huishia hapo kwa upande wa kusini, na mbele yake nchi ya Wamaasai hutandaa mpaka macho yashindwe kuona.

Kwenye miteremko ya mashariki ya milima hiyo amezikwa Mwingereza Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani aliyefariki mwaka 1931. Mwanamke aliyechagua mahali pa kaburi hilo aliondoka Kenya miezi michache baadaye akiwa amefilisika, na hakurudi tena hadi alipokufa. Ulimwengu ulikuja kumfahamu kama Isak Dinesen. Kenya inamfahamu kama Karen Blixen.

Wengi wanamkumbuka kwa filamu iliyotengenezwa mwaka 1985 kutokana na kitabu chake Out of Africa. Wachache wanafahamu kwamba mwanamke huyo aliingia katika uandishi akiwa na umri mkubwa kwa sababu hakuwa na riziki nyingine, kwamba kitabu chake cha kwanza kilikataliwa na wachapishaji wa London kabla ya kupokewa na kampuni changa ya New York, na kwamba aliwahi kuandika riwaya ya kusisimua ya wasichana na mapenzi kisha akakana kwa miaka mingi kuwa ni yake.

Alizaliwa Aprili 17, 1885, katika nyumba ya Rungstedlund, ufuoni mwa bahari kaskazini mwa Copenhagen, Denmark. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Karen Christentze Dinesen. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa mwanajeshi, mwanasiasa na mwandishi wa barua kuhusu uwindaji, ambazo alizitoa kwa jina la kubuni la Boganis. Mwaka 1895, Karen akikaribia kutimiza miaka 10, baba huyo alijinyonga. Msiba huo ulimwachia binti pengo ambalo halikuzibika, pamoja na urithi wa aina mbili: kupenda maisha ya porini na desturi ya kuandika chini ya jina lisilo lako.

Alisomea uchoraji katika chuo cha sanaa mjini Copenhagen. Mwaka 1907 hadithi yake ya kwanza ilichapishwa katika jarida la Denmark kwa jina la Osceola, ambalo lilikuwa la kiongozi wa Wahindi Wekundu wa Marekani aliyepigana na wazungu. Hadithi hizo za ujana hazikumletea sifa wala fedha, naye akaacha kuandika.

Wakati huo alikuwa amempenda binamu yake wa mbali, Hans von Blixen-Finecke, ambaye hakumjali. Mwaka 1912 Karen alikubali kuchumbiwa na Bror, pacha wa Hans. Wawili hao waliamua kwenda kuanza maisha mapya katika Afrika Mashariki ya Waingereza, kwa fedha za ukoo wa mama yake Karen. Bror alitangulia mwaka 1913. Karen alifika Mombasa Januari 14, 1914, na siku hiyo hiyo wakafunga ndoa. Kutokana na ndoa hiyo, Karen akawa Baroni Blixen.

Fedha zilizotolewa na ukoo zilikusudiwa kufuga ng'ombe wa maziwa. Bror alibadili mawazo bila kushauriana na mtu, akanunua shamba la kahawa chini ya Milima ya Ngong. Uamuzi huo ulikuja kuwagharimu wote. Shamba lilikuwa katika mwinuko wa zaidi ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo baridi ya usiku na ukame viliidhoofisha mibuni kila mwaka.

Mwaka 1916 jamaa zake waliunda kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company ili kulimiliki shamba hilo, na mwaka uliofuata mume na mke wakahamia katika nyumba ya mawe iliyoitwa Mbogani. Shamba zima lilikuwa na ukubwa wa takriban ekari 4,500, na kati ya hizo ni kama 600 tu zilizopandwa kahawa. Sehemu iliyobaki ilikuwa msitu, nyika na mashamba madogo ya Wakikuyu ambao serikali ya kikoloni iliwaita maskwota. Ng'ambo ya Mto Mbagathi ilianzia hifadhi ya Wamaasai. Leo ng'ambo hiyo ni Ongata Rongai, katika Kaunti ya Kajiado.

Ifahamike kwamba ardhi hiyo haikuwa tupu wazungu walipoigawa. Wamaasai walikuwa wamehamishwa kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911, na familia za Wakikuyu zilizokuwa zikilima kabla ya mipaka kuchorwa zilijikuta zikihesabiwa kuwa wageni katika mashamba ya wengine. Sheria ya mwaka 1918 iliwalazimisha maskwota kumfanyia kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa. Blixen alinufaika na mpango huo kama walowezi wengine.

Ndoa yenyewe haikudumu. Mwaka 1915, mwaka mmoja tu baada ya harusi, aligunduliwa kuwa na kaswende, ugonjwa aliosema aliambukizwa na mumewe. Alisafiri hadi Denmark kutafuta tiba, na dawa za siku hizo zilikuwa zebaki na aseniki. Maumivu yalimwandama maisha yake yote, na baadhi ya wataalamu waliochunguza habari zake baadaye wamedai kwamba huenda dawa hizo zilimdhuru kuliko ugonjwa wenyewe. Waliachana na Bror mwaka 1921, na talaka ikatolewa mwaka 1925.

Tangu mwaka 1921 Blixen aliliendesha shamba hilo mwenyewe, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke wa wakati huo. Aliyemsaidia zaidi ni Farah Aden, Msomali aliyekuwa msimamizi wa nyumba, mweka hazina na mshauri wake tangu siku alipofika hadi siku alipoondoka. Jikoni alikuwepo Kamante Gatura, kijana Mkikuyu aliyefika shambani akiwa na vidonda vibaya miguuni, akatibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti, kisha akawa mpishi hodari wa vyakula vya kizungu ambavyo yeye mwenyewe hakupenda kuvila.

Blixen alijifunza Kiswahili na kukitumia kila siku. Katika kitabu chake anaeleza jinsi alivyowatungia vibarua mashairi ya Kiswahili yenye vina wakati wa kuvuna mahindi. Vijana hao hawakuwa wamezoea vina, wakacheka, kisha wakamsihi aendelee, wakiyafananisha maneno yake na mvua inayonyesha.

Mwaka 1918 alikuwa amekutana na Denys Finch Hatton, mtoto wa ukoo wa makabaila wa Uingereza aliyefanya kazi ya kuwaongoza matajiri katika uwindaji. Baada ya Blixen kutengana na mumewe, Finch Hatton aliifanya Mbogani kuwa maskani yake kila alipotoka safarini. Huenda hapo ndipo mtunzi alipozaliwa kwa mara ya pili. Finch Hatton alipenda kusikiliza hadithi kuliko kuzisoma. Kwa hiyo kila alipokuwa mbali, Blixen alibuni visa, na mgeni aliporudi alimsimulia mbele ya moto hadi usiku wa manane. Ufundi wake wa baadaye, wa hadithi ndani ya hadithi na msimulizi anayevuta muda, ulikuzwa na msikilizaji huyo mmoja.

Hatimaye alianza kuziandika. Katika miaka ya mwisho ya 1920, wakati ukame na nzige walipolikumba shamba na bei ya kahawa ikashuka, alikaa usiku mbele ya taipureta ili kuyasahau madeni. Kamante aliitazama kazi hiyo kwa shaka. Siku moja alileta kitabu kizito kutoka kwenye rafu, akaonyesha jinsi kurasa zake zilivyoshikamana hata kikiinuliwa, kisha akaonyesha karatasi za bibi zilizotawanyika na kupeperushwa na upepo mlango ulipofunguliwa. Kwa maoni yake hicho hakingekuwa kitabu kamwe. Blixen aliliona swali hilo kuwa la haki, kwa kuwa lilimkumba yeye mwenyewe.

Mwisho wa shamba ulifika mwaka 1931. Wenye hisa walichoka kutoa fedha, na kampuni ikauza ardhi kwa mfanyabiashara Remy Martin, aliyeigawa viwanja vya makazi. Mtaa wa Karen ulianzia hapo. Wengi huamini kwamba uliitwa jina la mwandishi, ijapokuwa wapo wanaosema jina la kampuni lilitokana na binamu yake aliyeitwa Karen pia.

Mei 14 mwaka huo, ndege ndogo ya Finch Hatton ilianguka Voi muda mfupi baada ya kuruka, akafa pamoja na mtumishi wake Mwafrika. Uhusiano wake na Blixen ulikuwa tayari umelegea, naye alikuwa amehamisha vitu vyake kutoka Mbogani. Hata hivyo, ni Blixen aliyetafuta mahali pa kumzika katika milima ambayo wawili hao walizoea kuitazama kutoka barazani.

Kuuzwa kwa shamba kuliwaacha maskwota bila pa kwenda. Wao hawakuomba fidia. Waliomba wahamishwe wakiwa pamoja, na mifugo yao, wasitawanywe. Blixen alitumia miezi yake ya mwisho kwenda ofisi moja baada ya nyingine mjini Nairobi kuwatetea, na mwishowe serikali ikakubali kuwapa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Lilikuwa jambo la heshima, lakini pia lilidhihirisha hali ya nchi: wenye asili ya ardhi walihitaji mgeni aliyefilisika awaombee mahali pa kulala.

Si kila mara alisimama nao. Chifu Kinanjui, rafiki yake wa miaka mingi, alipokuwa mahututi alimwomba amchukue akafie nyumbani kwake badala ya kupelekwa hospitali ya misheni. Blixen alikataa, akihofia lawama zaidi wakati mambo yake yalikuwa yameharibika. Kinanjui alifia hospitalini usiku huo. Kisa hicho kinafahamika kwa sababu Blixen mwenyewe alikiandika bila kujitetea.

Agosti 1931 alipanda meli Mombasa. Alirudi Rungstedlund akiwa na umri wa miaka 46, bila mume, bila mtoto na bila senti, kuishi kwa mama yake kama msichana asiyeolewa. Ndugu yake Thomas alikubali kumgharimia kwa muda ili amalize kitabu. Akajifungia katika chumba kilichokuwa ofisi ya marehemu baba yao, akaandika kwa Kiingereza, akiamini kwamba hadithi za aina yake zingepata wasomaji wengi zaidi ng'ambo kuliko Denmark.

Wachapishaji wa London hawakuzitaka. Mmoja wao hakutaka hata kuufungua mswada alipoambiwa kwamba ni hadithi fupi za mwandishi asiyejulikana. Wakati huo hadithi za makabaila wa karne zilizopita, mizimu na wapenzi waliovaa vinyago zilionekana zimepitwa na wakati, maana dunia ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi na wahakiki walitaka habari za wafanyakazi na njaa.

Aliyemfungulia mlango alikuwa mwandishi wa Marekani, Dorothy Canfield Fisher, aliyefahamiana na ukoo wake. Huyu aliupeleka mswada kwa Robert Haas, mmoja wa wamiliki wa kampuni ndogo ya Harrison Smith and Robert Haas ya New York. Kampuni hiyo ilikuwa changa, lakini ilikuwa na ujasiri: ndiyo iliyomchapisha pia William Faulkner kabla umaarufu wake haujaenea. Haas alikubali kuzichapisha bila kumlipa mtunzi chochote cha mwanzo, kwa kuwa hakutarajia faida.

Kitabu hicho, Seven Gothic Tales, kilitoka mwaka 1934 kwa jina la Isak Dinesen. Isak ni jina la Kiebrania lenye maana ya kicheko, na Dinesen ni jina la baba yake. Klabu kubwa ya vitabu ya Marekani, Book-of-the-Month Club, ilikichagua na kukisambaza kwa maelfu ya wanachama wake. Wasomaji walidhani mtunzi ni mwanamume. Magazeti ya Denmark yalipofichua kwamba ni baroni aliyefilisika katika kahawa, mchapishaji wa London aliyekataa kuufungua mswada alikuwa miongoni mwa waliokuja kukitafuta. Kampuni ya Haas haikudumu kama kampuni ndogo. Mwaka 1936 iliunganishwa na Random House.

Mwaka 1937 alitoa Out of Africa. Linalostaajabisha katika kitabu hicho ni yale ambayo hayamo. Mume wake Bror karibu haonekani. Ugonjwa wake hautajwi. Finch Hatton anaelezwa kama rafiki na mgeni, na hakuna mahali mtunzi anapokiri kwamba alimpenda. Mwandishi aliyejaza hadithi zake watu waliokufa kwa mapenzi aliyafunika mapenzi yake mwenyewe, akaiachia milima na maziko yaseme. Filamu ya mwaka 1985, iliyoigizwa na Meryl Streep na Robert Redford na kushinda tuzo 7 za Oscar, ililijaza pengo ambalo mtunzi aliliacha kwa makusudi.

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta Rungstedlund. Denmark ilivamiwa na Wajerumani Aprili 1940. Baada ya kutoa Winter's Tales mwaka 1942, Blixen alijikuta amefungiwa nchini mwake, hana raha wala kipato kutoka Marekani. Ndipo alipomwendea mchapishaji wake mjini Copenhagen, akaomba malipo ya awali na mtu wa kumwandikia, akaanza kusimulia kwa mdomo riwaya ya kuburudisha bila kujua itaishia wapi.

Riwaya hiyo, Gengældelsens Veje, ilichapishwa mwaka 1944. Jalada lilisema mwandishi ni Mfaransa aitwaye Pierre Andrézel, na mfasiri ni Clara Svendsen, ambaye kwa kweli alikuwa katibu wa Blixen. Inahusu wasichana wawili yatima, Lucan na Zosine, wanaopokewa na mchungaji na mkewe, kisha wanagundua kwamba wenyeji wao wacha Mungu hufanya biashara ya kuuza wasichana. Ina kila kinachotarajiwa katika riwaya ya aina hiyo: urembo, hatari, siri, kisasi na wachumba.

Wasomaji wa Denmark hawakuhitaji kuambiwa kwamba nyumba yenye tabasamu nje na uovu ndani ilifanana na nchi iliyokaliwa na adui aliyejifanya mlinzi. Wahakiki walivutana kuhusu nani aliyeiandika. Blixen alikana. Hata wote walipokwisha kufahamu, hakutaka riwaya hiyo ihesabiwe pamoja na vitabu vyake. Baada ya vita ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuuzwa vizuri Marekani, ikimletea fedha ambazo fasihi tukufu ilichelewa kumletea.

Aibu hiyo inaeleza jambo linalowahusu waandishi wengi hadi leo. Hadithi ya mapenzi ndiyo inayolipa kodi ya nyumba, na ndiyo mtunzi anayoogopa kuonekana nayo. Blixen alitaka kukumbukwa kama msimulizi mkuu, mrithi wa Alfu Lela Ulela, wala si kama mwandishi wa riwaya za kupoteza wakati. Lakini msomaji akizilinganisha kazi zake ataona kwamba wasichana, siri na vinyago vya riwaya aliyoikana vimo pia katika hadithi alizojivunia.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya sifa na maumivu. Ernest Hemingway alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1954, alimtaja miongoni mwa waandishi waliostahili kuipata kabla yake. Mwaka 1958, kwa njia ya redio, aliwaomba Wadenmark watoe krone moja kila mmoja ili nyumba yake na bustani yake ya ndege vihifadhiwe, na maelfu wakaitikia. Mwaka 1959 alizuru Marekani na kushangiliwa kama malkia, ingawa hakuweza tena kula chakula cha kawaida. Alifariki Rungstedlund Septemba 7, 1962, akiwa na umri wa miaka 77, miezi 15 kabla ya Kenya kupata uhuru. Alizikwa chini ya mti katika bustani yake.

Serikali ya Denmark iliinunua nyumba ya Mbogani na kuikabidhi Kenya mwaka 1964 kama zawadi ya uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Sifa zake hazikukosa wapinzani. Mwaka 1980, katika hotuba aliyoitoa huko huko Denmark, Ngũgĩ wa Thiong'o alimshutumu vikali kwa jinsi alivyowafananisha Waafrika na wanyama, na akakataa kukubali kwamba upendo wa namna hiyo ni upendo. Shutuma hiyo ina ushahidi ndani ya kurasa zenyewe. Wapo pia wanaosema kwamba walowezi wachache wa wakati wake waliwaona watumishi wao kuwa watu wenye akili na heshima kiasi alivyowaona yeye. Yote mawili ni kweli.

Kamante Gatura, kijana aliyetilia shaka karatasi zilizopeperushwa na upepo, aliishi kuuona uhuru. Mwaka 1975 kumbukumbu zake zilichapishwa katika kitabu Longing for Darkness, kilichotayarishwa na mpigapicha Peter Beard. Humo mpishi wa Mbogani anasimulia maisha ya shamba hilo kwa jicho lake, kwa jina lake halisi.